Mlolongo na Matokeo: Kura za Mchujo za 1988 nchini Kenya katika Historia na Lugha

Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyopata maana mpya ya kisiasa kwa haraka kama neno mlolongo lilivyoipata nchini Kenya baina ya mwaka wa 1986 na 1988. Kabla ya hapo mlolongo ulikuwa mstari wa vitu au watu wanaofuatana: siafu njiani, wasindikizaji wa bibi arusi, malori yanayongoja kupimwa uzito barabarani. Baada ya hapo neno hilo likawa jina la utaratibu wa uchaguzi, kisha likawa neno la lawama. Aliyetaja "bunge la mlolongo" hakuwa akieleza tu jinsi wabunge walivyochaguliwa. Alikuwa akitilia shaka kama walichaguliwa.

Makala haya yanachunguza historia ya kura za mchujo za chama cha KANU za Februari 1988 kwa kuuliza swali moja: matokeo ya uchaguzi hupatikana wapi, na hupatikana lini? Je, ni pale watu wanapohesabiwa, au ni pale msimamizi anapotangaza? Katika uchaguzi unaoendeshwa kwa haki swali hili halina haja ya kuulizwa, kwa kuwa hesabu na tangazo huwa ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Mwaka wa 1988 mambo hayo mawili yalitengana mchana, mbele ya macho ya watu. Inadaiwa hapa kwamba utengano huo ndio funzo kuu la mlolongo, na kwamba sehemu kubwa ya sheria za uchaguzi zilizotungwa Kenya tangu wakati huo ni jitihada ya kuyaunganisha tena.

I. Kura, mchujo na matokeo

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, maana historia ya taasisi aghalabu huacha alama zake katika msamiati. Neno kura limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya kubahatisha: vijiti au vikaratasi huchanganywa, kimoja hutolewa, na mtu aliyeangukiwa hukubali. Maana hiyo ingali hai. Kiswahili husema kura imemwangukia fulani, na tafsiri za Biblia hulitumia neno hilo katika habari ya kuteuliwa kwa Mathiya. Katika kura ya namna hiyo hakuna mwanadamu anayewajibika kwa matokeo. Kura ya kisiasa imechukua jina lile lile na kuligeuza maana: sasa kila mmoja anawajibika kwa sehemu yake ndogo, na jumla ya sehemu hizo ndiyo uamuzi. Hata hivyo kitenzi hakikubadilika. Mwananchi bado hupiga kura, kama mpiga bao apigavyo bao.

Neno mchujo lina asili iliyo karibu zaidi na maisha ya nyumbani. Limeundwa kutokana na kitenzi chuja, na kila aliyelelewa pwani anajua kazi hiyo: nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa kifumbu, tui likapita na machicha yakabaki. Uchaguzi wa awali ndani ya chama umepewa jina hili kwa sababu nzuri, kwani wagombea wengi huingia na wachache hupita. Lakini sitiari hiyo inabeba jambo jingine ambalo wasemaji hawakulikusudia. Kifumbu hakijichagulii, kuna mkono unaokikamua, na mwenye mkono ndiye anayeamua kama kilichochujika kinatosha. Katika mchujo wa chama swali la nani ameshika kifumbu ni zito kuliko swali la nani amepita.

Maneno mawili yanayobaki, matokeo na tangazo, ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika uchunguzi huu. Matokeo yametoka katika kitenzi tokea. Kitenzi hiki hakina mtendwa. Jambo hutokea, halitokewi na mtu kwa kusudi. Anayesema "matokeo" anadai, pengine bila kujua, kwamba alichonacho mkononi kimejitokeza chenyewe kutoka katika matendo ya wapiga kura. Tangazo ni tofauti. Tangaza ni kitenzi cha kusababisha kilichojengwa juu ya tangaa, yaani kujulikana kote. Kutangaza ni kukifanya kitu kitangae. Kwa mantiki ya lugha, basi, lazima kitu kiwepo kwanza ndipo kitangazwe. Tangazo halizai matokeo. Huyapeleka mbali tu. Mlolongo wa 1988 uliivunja mantiki hiyo, na wasemaji wa lugha waliliona hilo kabla ya wanasheria.

II. Desturi ya uchaguzi kabla ya mlolongo

Kura za mchujo hazikuanza na mlolongo. Tangu chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku Oktoba 1969, ushindani wote wa ubunge nchini Kenya ulifanyika ndani ya KANU. Uchaguzi wa tarehe 6 Desemba 1969 ulikuwa wa mchujo kwa jina, lakini kwa kuwa hapakuwa na chama kingine cha kumpinga aliyeshinda, mchujo huo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Chaguzi za 1974, 1979 na 1983 nazo zilikuwa mashindano baina ya wanachama wa chama kimoja.

Chaguzi hizo zilikuwa na dosari nyingi. Waliokuwa viongozi wa KPU walizuiwa kugombea mara kwa mara, na malalamiko juu ya masanduku hayakukosekana. Lakini zilifanywa kwa kura ya siri, na ndani ya mipaka yake zilikuwa na uwezo wa kuwashangaza watawala. Mwaka wa 1969 Grace Onyango alichaguliwa Kisumu Mjini, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Mwaka wa 1974 Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Njoroge Mungai, aliyekuwa jamaa wa karibu wa Rais Kenyatta, aliangushwa Dagoretti na Dkt. Johnstone Muthiora. Katika uchaguzi huo huo J. M. Kariuki alirudishwa bungeni na watu wa Nyandarua Kaskazini ingawa alikuwa amenyimwa nafasi ya kuhutubia mikutano. Matokeo kama hayo yasingeweza kutokea iwapo mpiga kura angelazimika kuuonyesha uamuzi wake mbele ya chifu.

Namna matokeo yalivyomfikia mwananchi katika miaka hiyo yafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyofanya hoja za mlolongo zisikike kuwa za busara. Kura zilipigwa vituoni, kisha masanduku yakafungwa na kusafirishwa hadi mahali pamoja pa kuhesabia. Baina ya kituo na ukumbi huo palikuwa na barabara, usiku, na gari la serikali. Raia aliyekaa karibu na redio kusikiliza Sauti ya Kenya alipokea tarakimu ambazo hakuwa na njia ya kuzilinganisha na chochote alichokiona. Aliijua kura yake peke yake. Kati ya kura hiyo moja na jumla iliyosomwa hewani hapakuwa na ngazi ambayo angeweza kuipanda kwa miguu yake. Alilazimika kuamini, na penye kuamini bila kuona ndipo uvumi unapokaa.

III. Hoja za watetezi wa mlolongo

Mwaka wa 1986 KANU iliamua kwamba katika mchujo wapiga kura wapange mstari nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea wamtakaye. Kura ya siri ilibakizwa kwa duru ya pili tu. Pamoja na hilo iliwekwa kanuni ya asilimia 70: aliyepata kiwango hicho au zaidi katika mlolongo alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa, na duru ya siri haikufanyika katika eneo lake.

Ni rahisi leo kuidharau hoja ya watetezi wa utaratibu huu, lakini si haki kufanya hivyo kabla ya kuisikiliza. Walisema kwamba sanduku linaweza kujazwa karatasi za uongo, lakini mtu hawezi kujazwa. Walisema kwamba mstari wa watu huonekana na kila mtu, hata asiyejua kusoma. Walisema kwamba gharama ni ndogo na majibu ni ya siku ile ile. Wengine walidai kwamba ndivyo jamii za Kiafrika zilivyokata mashauri tangu zamani: watu hukutana, husimama wazi, na mzee hahitaji karatasi ili kujua walio wengi wako upande gani.

Hoja ya mwisho ina kasoro inayoonekana upesi. Baraza la wazee lilikuwa mahali pa kusemezana hadi watu wakaafikiana. Mlolongo haukuwa na maneno. Mtu alisimama, akahesabiwa, akaondoka. Lakini zile hoja nyingine zilikuwa na nguvu, kwa sababu ziligusa udhaifu wa kweli wa utaratibu uliotangulia. Mlolongo uliahidi kumpa mwananchi jambo ambalo redio haikuwahi kumpa: kuyaona matokeo yakitokea.

Waliopinga walianza mapema. Agosti 1986 mkutano mkubwa wa wachungaji ulioitishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ulitoa kauli ya kuukataa utaratibu huo. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji: kiongozi wa kanisa anayesimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja huwagawanya waumini wake. Sababu hiyo haikuwahusu makasisi peke yao. Mwalimu alikuwa na wazazi wa wanafunzi wake, mwenye duka alikuwa na wateja, mpangaji alikuwa na mwenye nyumba, na karani alikuwa na mkubwa wake ofisini. Kwa watu wa namna hii kusimama kwenye mstari kulikuwa ni kutangaza, na tangazo hilo lingewafuata nyumbani.

IV. Februari 1988

Katika siku ya mchujo mpiga kura alifika kituoni akakuta mistari imekwisha kuanza kuundika. Hapa yafaa kutazamwa jambo ambalo halikuzingatiwa vya kutosha katika mijadala ya wakati ule. Katika kura ya siri kila mtu huamua bila kujua wengine wameamua nini. Matokeo huja baada ya kura. Katika mlolongo matokeo huja pamoja na kura, na kwa wanaochelewa hutangulia kura. Anayefika saa nne humwona nani yuko mbele. Akikuta mstari wa mgombea wake una watu 15 na ule mwingine una 300, uamuzi wake si ule aliotoka nao nyumbani. Anaweza kuwa jasiri akawa wa 16. Anaweza pia kukumbuka kwamba naibu wa chifu ana kalamu. Mlolongo ulikuwa uchaguzi na uaguzi kwa pamoja: ulipima maoni ya watu huku ukiyaunda.

Baada ya kuhesabiwa watu walitawanyika, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sanduku la kura, hata likiwa na mashaka, hubaki. Karatasi huweza kufunguliwa tena, kuhesabiwa mbele ya hakimu, kulinganishwa na daftari la wapiga kura. Mlolongo ukivunjika haubaki. Ushahidi wake ulikuwa na miguu, ukaenda nyumbani kupika chakula cha jioni. Kilichosalia ni tarakimu iliyoandikwa na ofisa, na dhidi ya tarakimu hiyo palikuwa na kumbukumbu za watu elfu kadhaa ambazo hakuna utaratibu uliowekwa wa kuzipokea. Watetezi walikuwa wamesema kweli kwamba mtu hawezi kujazwa ndani ya sanduku. Hawakusema kwamba anaweza kufutwa kwenye karatasi.

Kanuni ya asilimia 70 iliongeza uzito wa tarakimu hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, watu 4,000 wamepanga mstari katika eneo moja, na 2,600 kati yao wako nyuma ya mgombea mmoja. Hiyo ni asilimia 65, na mgombea huyo hana budi kwenda kwenye kura ya siri. Lakini ofisa akiwahamisha watu 200 kwa kalamu, wasionyanyua hata mguu, mgombea huyo anakuwa na 2,800, yaani asilimia 70 kamili. Kwa hao 200 uchaguzi umekwisha. Kura ya siri, ambayo ingeweza kuusahihisha mstari, haifanyiki. Kwa maneno mengine, kadiri udanganyifu ulivyokuwa mkubwa ndivyo ulivyojifutia njia ya kugunduliwa. Fauka ya hayo, asilimia hiyo ilikuwa ya waliopanga mstari, nao walitakiwa kuwa wanachama wa KANU. Hata kama eneo hilo la mfano lingekuwa na wapiga kura 30,000 walioandikishwa, watu 2,800 wangetosha kuwamalizia wote neno.

Malalamiko yalienea nchini. Ilisemwa mahali pengi kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Usemi huo ulirudiwa kwa kicheko cha uchungu, na unafaa kutazamwa kama sentensi. "Mfupi" na "mrefu" si maneno ya hesabu za ofisini; ni maneno ya macho. Mtoto wa miaka mitano anayajua. Usemi huo haukudai kwamba ofisa alikosea kujumlisha. Ulidai kwamba aliwaambia watu wazima wasiamini walichokiona. Ndiyo maana lawama ya 1988 ilikuwa na ladha tofauti na lawama za chaguzi zilizotangulia. Zamani watu walishuku. Safari hii walikuwa mashahidi.

V. Lawama, adhabu na kuvunjwa kwa mlolongo

Uchaguzi mkuu ulifanyika Machi 1988, na bunge jipya la viti 188 vya kuchaguliwa likaingia kazini likiwa tayari na jina lake la utani. Gazeti la Beyond, lililotolewa na NCCK, lilichapisha toleo lililoeleza udanganyifu wa uchaguzi huo. Lilipigwa marufuku mwezi huo wa Machi, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akashtakiwa na kuhukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo. Shtaka lenyewe linafundisha. Hakushtakiwa kwa kusema uongo juu ya mistari, kwa kuwa kesi ya namna hiyo ingelazimu mahakama kuwaita waliosimama kwenye mistari hiyo. Alishtakiwa kwa jambo jingine ili hesabu isiguswe.

Septemba 1988 chama kilifanya uchaguzi wa viongozi wake wa matawi, na malalamiko yale yale yakajirudia. Desemba mwaka huo Kenneth Matiba, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, alijiuzulu uwaziri akilalamikia jinsi uchaguzi huo ulivyoendeshwa katika wilaya yake ya Murang'a. Alifukuzwa chamani. Tarehe 3 Mei 1990 yeye na Charles Rubia walitoa wito wa kurudishwa kwa vyama vingi. Julai wakatiwa kizuizini, na maandamano ya Saba Saba yakafuata. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba mlolongo peke yake ulileta vyama vingi Kenya. Lakini wapinzani wakuu wa 1990 walitoka ndani ya chama, na waliugeukia upinzani baada ya kuona kwamba mlango wa ndani umefungwa. Mchujo ulipoacha kuchuja, waliokataliwa bila kushindwa walitafuta chombo kingine.

Mwaka huo wa 1990 KANU iliunda kamati ya kujitazama upya chini ya Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti. Kamati ilizunguka mikoani na kusikiliza. Wananchi walioambiwa kwa miaka mingi wanyamaze walisema mengi, na mlolongo ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa mno. Desemba 1990, katika mkutano wa wajumbe uliofanyika Kasarani, chama kiliufuta mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70 na kurudisha kura ya siri. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kiliondolewa.

VI. Urithi wa mlolongo

Ingeweza kudhaniwa kwamba kurudi kwa sanduku kulimaliza mambo. La hasha. Mlolongo uliwaachia Wakenya tabia ya kutaka kuona, na sanduku lililosafirishwa usiku halikuweza tena kuiridhisha tabia hiyo. Msamiati wa miaka iliyofuata unalishuhudia jambo hilo. Watu walisema "kuiba kura". Usemi huu si wa kawaida ukitafakariwa: kura iliyokwisha kutumbukizwa sandukuni imetoka mkononi mwa mwenyewe, basi huibwaje? Lugha inajibu kwamba kura hubaki mali ya aliyeipiga mpaka ihesabiwe kwa haki. Kutokana na hilo likaja neno "kulinda kura", nalo lilimtaka raia asiende nyumbani. Mlolongo ulimtawanya, ulinzi wa kura ulimrudisha kituoni.

Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 kura zilihesabiwa vituoni zilikopigwa, na matokeo yakatangazwa hapo hapo. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Kwa mara ya kwanza ngazi ile iliyokosekana iliwekwa: mwananchi aliweza kuijua kura yake, akaijua jumla ya kituo chake, kisha akasubiri jumla ya eneo lake la ubunge na ya taifa akiwa na kitu cha kulinganishia. Mwaka wa 2007 ngazi hiyo ilivunjika juu. Tarakimu zilizotoka vituoni na zile zilizosomwa Nairobi hazikuaminika kuwa zimefungamana. Nchi ikaingia katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler iliona mwaka wa 2008 kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutoweza kuonyesha ni nani aliyeshinda urais.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 86, iliamuru kwamba utaratibu wa kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, na wa wazi, na kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe na msimamizi wa kila kituo. Sifa iliyo ngeni katika orodha hiyo ni ile ya kuthibitishika. Mlolongo ulikuwa rahisi na wa wazi, haukuthibitishika. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo la ubunge ni ya mwisho, wala hayawezi kubadilishwa na makao makuu ya tume. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais, ikitazama sana namna matokeo yalivyosafirishwa. Agosti 2022 tume ya uchaguzi ikaziweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000, na kila aliyetaka akajumlisha mwenyewe.

Siku hizo za 2022 zilitoa funzo la ziada kwa wote wanaofuatilia matokeo yanapoingia. Vyombo vya habari vilivyosoma fomu zile zile vilionyesha jumla tofauti saa ile ile, hata baadhi ya watu wakadhani kwamba kuna anayedanganya. Sababu ilikuwa nyepesi: kila chombo kilizisoma kwa mpangilio wake. Jumla isiyokamilika haielezi nani anashinda. Inaeleza ni wapi pamekwisha kusomwa. Anayeongoza usiku wa kwanza anaweza kuwa ni yule tu ambaye ngome zake zimetangulia kufika. Matokeo nayo yana mlolongo wake, na anayetazama mwanzo wa mstari hajauona urefu wake.

Ni katika mchujo wa vyama ambapo urithi huu umefika kwa kuchechemea. Sheria imejenga ngome kuzunguka uchaguzi mkuu, lakini mchujo huachiwa aghalabu bodi za vyama vyenyewe. Aprili 2017 mchujo wa chama cha Jubilee ulianza, ukafutwa siku ile ile kwa kuchelewa na upungufu wa vifaa, ukarudiwa siku zilizofuata. Lipo sasa baraza la kusuluhisha migogoro ya vyama vya siasa, lililowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, na malalamiko ya mchujo hupelekwa huko. Hilo ni jambo ambalo mgombea wa 1988 angelitamani. Lakini baraza huweza kupima tu kile kilichoandikwa na kutunzwa, na karatasi za mchujo hazijapata heshima ya fomu za uchaguzi mkuu. Katika maeneo ambayo chama kimoja kina nguvu mno, mshindi wa mchujo amekwisha kuwa mbunge kabla ya siku ya uchaguzi, kama ilivyokuwa 1969. Kifumbu hicho ndicho kinachohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, nacho ndicho kilichoachwa gizani.

VII. Hitimisho

Kamusi ikieleza kwamba mlolongo ni mstari wa watu au vitu vinavyofuatana itakuwa imesema kweli. Hata hivyo mwanafunzi anayesoma magazeti ya Kenya ya miaka ile kwa msaada wa maelezo hayo peke yake hataelewa kwa nini neno la mstari tu liliweza kuwa tusi. Historia iliyoelezwa hapa inatoa jibu. Mlolongo ni jina la siku ambayo watu waliyaona matokeo, kisha wakasikia tangazo lisilotokana nayo.

Watetezi wa mlolongo walidhani kwamba kuonekana kunatosha. Wapinzani wake wengi walidhani kwamba siri inatosha. Uzoefu wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba mwananchi anahitaji mambo mawili kwa pamoja: siri anapoamua, ili asimwogope chifu wala mwenye nyumba, na uwazi anapohesabiwa, ulioandikwa na kubaki, ili tarakimu iliyo juu iweze kurudishwa chini hatua kwa hatua hadi kituo alichosimama. Penye ukosefu wa jambo la kwanza, kinachohesabiwa ni hofu. Penye ukosefu wa la pili, kinachotangazwa hakina haki ya kuitwa matokeo, kwa kuwa hakikutokea popote.